Sura ya 7: Jina Moja, Maradhi Mengi

Mwaka 1967 madaktari wa mjini Denver, Marekani, walichapisha katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 12 waliokuwa wakihema kwa taabu, damu yao ikikosa oksijeni hata walipoongezewa. Baadhi walikuwa wameumia vibaya, wengine walikuwa na maambukizi, na hata ugonjwa wa kongosho ulikuwemo. Vyanzo vilitofautiana, lakini mapafu yalifanana: yalijaa majimaji, yalikakamaa, na hewa haikupita ipasavyo. Madaktari hao wakaikusanya hali hiyo chini ya jina moja, na leo wodi za wagonjwa mahututi duniani kote huiita ARDS, yaani mapafu kushindwa kazi ghafla.

Jina hilo lilikuwa na faida kubwa. Liliwawezesha madaktari wasiojuana kuzungumzia jambo moja, kulinganisha wagonjwa wao na kujaribu tiba. Lakini tangu siku ya kwanza lilibeba tatizo ambalo ndilo kiini cha sura hii. Lilieleza mgonjwa anavyoonekana, halikueleza kilichomfikisha pale.

Sepsisi nayo iko hivyo hivyo. Malaria tunaithibitisha kwa kukiona kimelea kwenye hadubini. Sepsisi haina kimelea chake. Kwa ufafanuzi uliokubaliwa mwaka 2016, ni hali ya viungo kushindwa kazi kwa sababu mwili umeyapokea maambukizi kwa vurugu badala ya kwa mpangilio. Mama aliyejifungua juzi akapata maambukizi ya kizazi, mzee mwenye nimonia na kisukari, na kijana ambaye utumbo wake umetoboka kwa homa ya matumbo, wote watatu wanaweza kuandikiwa neno hilo moja kwenye faili zao. Wakiingizwa pamoja katika jaribio la dawa, tunakuwa tumeuliza swali gani hasa?

Anayepanga jaribio la tiba kwa wagonjwa mahututi hawezi kuukwepa mchanganyiko huu. Kazi yake ni kuamua mapema ni tofauti zipi kati ya wagonjwa zinazoweza kugeuza matokeo ya tiba, kisha ajenge jaribio lenye uwezo wa kuziona. Asipofanya hivyo, atatumia miaka na fedha, na wagonjwa watajitolea miili yao, kwa jibu lisilomhusu mtu yeyote.

Wastani unavyoficha

Tuchukue mfano wa kubuni. Wagonjwa 1,000 wana ugonjwa wenye jina moja, na bila dawa mpya 400 kati yao watafariki. Ndani yao mna aina mbili ambazo macho ya daktari hayawezi kuzitofautisha: 300 wa aina ya kwanza na 700 wa aina ya pili. Katika kila aina, wanaofariki ni 40 kwa kila 100. Sasa tuwape wote dawa. Wale wa aina ya kwanza inawafaa, na vifo vyao vinashuka kutoka 120 hadi 90. Wale wa aina ya pili inawadhuru, na vifo vyao vinapanda kutoka 280 hadi 308. Jumla ya vifo ni 398.

Mtafiti atalinganisha 398 na 400, kisha ataandika kwamba dawa haina kazi. Lakini watu 30 wameokolewa nayo, na watu 28 wamekufa kwa sababu yake. Dawa imefanya kazi kubwa upande huu na upande ule, na wastani umeyafuta yote mawili.

Ndiyo maana orodha ya majaribio ya wagonjwa mahututi yaliyomalizika bila kuonyesha tofauti ni ndefu mno. Baadhi ya dawa zile hazikuwa na nguvu yoyote, na ni vizuri tulijua. Baadhi ya majaribio yalikuwa madogo, yakipangwa kwa matumaini kwamba tiba moja itashusha vifo kwa kiasi ambacho tiba chache sana hufikia. Na baadhi huenda yaliwapa dawa sahihi watu wasio sahihi pamoja na watu sahihi, bila njia ya kuwatenganisha.

Nani aingie

Uamuzi wa kwanza, basi, ni mlango: upanuliwe au upunguzwe? Jibu linategemea tiba inagusa nini.

Mwaka 2000 mtandao wa hospitali za Marekani ulichapisha jaribio la wagonjwa 861 wenye ARDS waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Nusu yao mashine iliwasukumia hewa nyingi kama ilivyokuwa desturi, mililita 12 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu wa mtu. Nusu nyingine walianzishiwa mililita 6. Waliopewa pumzi kubwa walifariki karibu 40 kwa kila 100, na waliopewa pumzi ndogo 31. Wagonjwa wale walikuwa mchanganyiko kamili: nimonia, majeraha, sepsisi. Kwa nini mchanganyiko haukulizamisha jibu? Kwa sababu tiba ililenga kitu walichokuwa nacho wote, nacho ni mashine yenyewe. Pafu lililoumia, liwe limeumizwa na nini, huchanika zaidi likitanuliwa kupita kiasi. Pale ambapo madhara ni ya pamoja, mlango mpana ni sawa, na jibu lake linawafaa wengi.

Kumlaza mgonjwa kifudifudi kulikuwa na historia nyingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001, ambamo wagonjwa walilazwa hivyo kwa takribani saa saba kwa siku, halikuonyesha kwamba maisha yaliokoka. Watafiti wa Ufaransa hawakukata tamaa na wazo, walibadilisha swali. Katika jaribio lililoitwa PROSEVA, lililochapishwa mwaka 2013, waliwachukua wagonjwa 466 ambao mapafu yao yalikuwa mabaya zaidi, wakawaangalia kwanza kwa saa kadhaa ili kuhakikisha kwamba hali hiyo si ya kupita, kisha wakawalaza kifudifudi kwa saa 16 mfululizo au zaidi, katika hospitali zilizokwisha kuizoea kazi hiyo. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa 16 kwa kila 100, dhidi ya karibu 33 kwa waliolazwa chali. Wazo lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mgonjwa aliyechaguliwa na kipimo cha tiba aliyopewa.

Kupunguza mlango kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua walio katika hatari kubwa, maana asiyekuwa njiani kufa hawezi kuonyesha kwamba tiba imemwokoa. Ya pili ni kuchagua wale ambao miili yao ina kitu ambacho tiba inakilenga. Hii ya pili ni ngumu zaidi, na ndiko utafiti wa sasa unakoelekea. Mwaka 2014 kundi la watafiti lilichambua upya damu na taarifa za wagonjwa wa majaribio mawili ya zamani ya ARDS, likagundua kwamba walijigawa wenyewe katika aina mbili. Takribani theluthi moja walikuwa na uvimbe mkali mwili mzima, shinikizo la damu lililoporomoka na vifo vingi. Waliosalia walikuwa watulivu zaidi. Baadaye simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli ambayo jaribio jingine kwa ujumla wake halikuona faida yake, ilionekana katika uchambuzi mpya kuwafaa wale wenye uvimbe mkali. Ni ishara, haijawa uthibitisho. Inatuambia jaribio lijalo liulize nini.

Tahadhari yake ilikuja kutoka Ufaransa mwaka 2019. Jaribio lililoitwa LIVE liliwapangia wagonjwa mipangilio ya mashine kulingana na sura ya mapafu yao kwenye picha. Karibu mmoja kati ya watano aliwekwa katika aina isiyo yake, na waliopewa tiba isiyolingana na mapafu yao walifariki zaidi. Kwa hiyo kipimo cha kuwagawa wagonjwa lazima kiwe cha haraka na cha kuaminika hapo hapo kitandani. Kama hakiko hivyo, tiba inayomfuata mtu mmoja mmoja inaweza kuwa hatari kuliko tiba moja kwa wote.

Tofauti zinazotafutwa kabla, na zinazookotwa baadaye

Kuna njia ya tatu: kuacha mlango wazi, lakini kuandika kabla ya kuanza ni makundi gani madogo yatakayochunguzwa na kwa nini. Mfano bora ni RECOVERY, jaribio lililoanza Uingereza Machi 2020 wakati UVIKO-19 ikijaza hospitali. Fomu zake zilikuwa fupi, masharti machache, na karibu kila hospitali kubwa ya nchi ilishiriki. Dawa mojawapo iliyopimwa ilikuwa deksamethasoni, steroidi ya bei ndogo inayopatikana hata kwenye zahanati nyingi.

Watafiti walikuwa wameshaamua kuwatazama wagonjwa kwa ngazi za msaada wa kupumua. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine, waliopewa deksamethasoni walifariki 29 kwa kila 100, na wasiopewa 41. Miongoni mwa waliopewa oksijeni bila mashine, ni 23 dhidi ya 26. Na miongoni mwa ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa haikuonyesha faida. Namba zao zilielekea upande wa madhara, karibu 18 dhidi ya 14. Virusi ni vile vile na dawa ni ile ile. Kilichotofautiana ni hatua ya ugonjwa. Mwanzoni kinga ya mwili inapigana na virusi, na haifai kuizuia. Baadaye kinga hiyo hiyo inayaunguza mapafu, na hapo steroidi huokoa. Kama jaribio lingetoa wastani tu, ulimwengu ungeweza kumpa dawa hii kila mwenye kikohozi.

Lakini si kila tofauti inayoonekana ni ya kweli. Ukiwagawa wagonjwa mara nyingi vya kutosha, bahati itakutengenezea kundi lolote unalolitaka. Watafiti wa jaribio kubwa la aspirini kwa mshtuko wa moyo, ISIS-2 la mwaka 1988, walilionyesha hilo makusudi: waliwagawa wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa, na aspirini ikaonekana haiwafai wa Mapacha na Mizani, ingawa iliwafaa wengine wote. Kundi dogo linaaminika likiwa limeandikwa kabla, likiwa na sababu ya kibaiolojia, na likionekana tena katika jaribio jingine.

Kilifi, Muheza, Mbale

Somo zito kuliko yote katika fani hii limetoka Afrika Mashariki.

Kwa miaka mingi kitabu cha daktari wa watoto katika nchi tajiri kilisema hivi: mtoto mwenye maambukizi makali na dalili za mshtuko atundikiwe dripu haraka, maji mengi kwa muda mfupi. Wazo lilikuwa na mantiki, na karibu hakuna aliyelitilia shaka. Lakini halikuwa limepimwa ipasavyo, na katika hospitali nyingi za Afrika watoto hao walipewa maji taratibu tu. Profesa Kathryn Maitland na wenzake, wakiwa na kituo chao Kilifi, wakaona kwamba hapa ndipo swali linapoweza kuulizwa kwa haki. Ulaya, kumnyima mtoto maji ya kasi kungeonekana ni kosa la kitabibu. Hapa, kutompa ndiyo ilikuwa huduma ya kawaida.

Jaribio liliitwa FEAST, likafanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Hospitali Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Masharti ya kuingia yalitumia macho na mikono ya mhudumu. Mtoto alipaswa kuwa na homa kali, awe amelegea au kupoteza fahamu, au anahema kwa shida, na awe na angalau dalili moja ya damu kutofika vizuri: miguu baridi, mapigo dhaifu, moyo unaokwenda mbio mno, au ngozi ikibonyezwa rangi inachelewa kurudi. Hakuna kipimo cha maabara kilichohitajika ili mtoto aingizwe. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na malaria. Waliougua kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, kwa kuwa mahitaji yao ya maji yanajulikana kuwa tofauti.

Ridhaa nayo ilihitaji fikra. Mama aliyembeba mtoto anayekata roho hawezi kusomewa karatasi nyingi. Kwa idhini ya kamati za maadili, mzazi aliyekuwa katika hali hiyo aliombwa kukubali kwa mdomo baada ya maelezo mafupi, na maelezo kamili pamoja na sahihi vilifuata mtoto alipotulia. Jaribio lisilojua kumheshimu mzazi katika saa hiyo lisingestahili kufanyika, na jaribio lililosubiri karatasi lingewaacha nje watoto wagonjwa zaidi, yaani wale wale waliolengwa na swali.

Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: maji ya kasi yenye protini ya albumini, maji ya kasi ya chumvi, na bila maji ya kasi. Wote walipewa viuavijasumu, dawa za malaria, oksijeni na damu kadiri ya haja. Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia kati ya 3,600 waliopangwa, kamati huru inayofuatilia usalama ilishauri uandikishaji usimame. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya kasi walikuwa wamefariki karibu 10.5 kwa kila 100, ya albumini na ya chumvi sawa. Wasiopewa walifariki 7.3. Kwa kila watoto 100 waliotundikiwa maji ya kasi, watatu zaidi walipotea.

Watafiti walitafuta kundi lililonufaika: wenye malaria na wasio nayo, wenye damu pungufu, wachanga na wakubwa. Hawakulipata. Na kinyume na wengi walivyodhani, uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vya ziada havikutokana hasa na maji kujaa mapafuni au kwenye ubongo, bali na moyo na mzunguko wa damu kushindwa.

Wapo waliopinga: hospitali zile hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia, kwa hiyo matokeo hayawahusu watoto wa London. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila inakata pande mbili. Kama jibu la Afrika haliwezi kupelekwa Ulaya bila kupimwa, basi miongozo ya Ulaya nayo haikupaswa kuletwa Afrika bila kupimwa, na kwa miaka mingi ililetwa hivyo hivyo.

Majaribio ya watu wazima yamethibitisha jambo hilo. Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit ilichapisha jaribio la wagonjwa 263 wa sepsisi, ambapo mpango wa kuwapa mapema maji, damu na dawa za kupandisha shinikizo ulishusha vifo kutoka karibu 47 hadi 31 kwa kila 100. Mpango huo ukaenea duniani. Majaribio matatu makubwa ya mwaka 2014 na 2015, yaliyofanyika Marekani, Uingereza, na Australia pamoja na New Zealand, hayakuona tofauti tena, huenda kwa kuwa huduma ya kawaida ilikuwa imeshaboreka. Kisha mwaka 2017 yakaja matokeo ya Lusaka, Zambia. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 200 wenye sepsisi na shinikizo la chini, wengi wao wakiishi na VVU. Waliofuata mpango wa aina hiyo walifariki 48 kwa kila 100, na waliopata huduma ya kawaida 33. Wazo moja lilisaidia Detroit, halikuongeza kitu Melbourne, na liliua Lusaka. Mahali, maradhi ya msingi na vifaa vilivyopo ni sehemu ya tofauti za wagonjwa, sawa kabisa na damu na mapafu yao.

Nani anahesabiwa, na kwa kipimo gani

Mtu hawezi kuingia katika jaribio kama ufafanuzi wa ugonjwa haumtambui. Ufafanuzi wa ARDS wa mwaka 2012 ulidai kipimo cha gesi za damu, picha ya mapafu na msaada wa mashine. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali kuu ya rufaa ya Kigali waliwapitia wagonjwa 1,046 na hawakumpata hata mmoja aliyetimiza masharti hayo. Wakayabadilisha: kifaa cha kubana kidoleni badala ya gesi za damu, ultrasaundi au eksirei kwa picha ya mapafu, na sharti la mashine wakaliondoa. Wagonjwa 4 kwa kila 100 wakaonekana. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Masharti ndiyo yaliyoufuta. Ufafanuzi mpya wa kimataifa umezipokea njia hizo.

Matokeo nayo yanahitaji kipimo makini. Kifo ni kipimo kisicho na ubishi, lakini ili kuona tofauti ndogo ya vifo unahitaji maelfu ya watu. Kwa hiyo wengine huhesabu siku ambazo mgonjwa aliishi bila msaada wa mashine. Hapa pana mtego: anayefariki siku ya pili ametumia mashine siku chache sana, na hesabu ya kizembe itamwona amefaulu. Lazima kifo kiwekwe chini ya matokeo mengine yote.

Jaribio la REMAP-CAP, lililoanza mwaka 2016, lilifanya hivyo na zaidi. Halikujengwa kwa dawa moja kisha kuvunjwa. Ni jukwaa la kudumu ambamo tiba kadhaa hupimwa kwa pamoja, zinazoshindwa hutolewa na mpya huingia, na kura yenyewe huweza kuelemea polepole upande unaoonekana kufaa, ndani ya kila kundi la wagonjwa lililotajwa mapema. UVIKO ulipofika, jukwaa lilikuwa tayari. Mwaka 2021 lilionyesha kwamba dawa mbili za kutuliza kinga, tosilizumabu na sarilumabu, zilishusha vifo vya walio mahututi kutoka 36 hadi 27 kwa kila 100. Mwaka huo huo, likiungana na majukwaa mengine mawili, lilionyesha kwamba heparini ya dozi kubwa, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliwafaa wagonjwa wa wastani wa UVIKO lakini haikuwafaa mahututi. Jaribio la kawaida lingewachanganya wote, au lingeliacha kundi moja nje.

Kazi iliyobaki

Ukisoma kwamba tiba fulani imeonekana kufaa au kutofaa wagonjwa mahututi, uliza mambo manne. Ni nani hasa walioingia, na waliingia katika hatua gani ya ugonjwa? Tiba inagusa kitu walichonacho wote, au baadhi yao tu? Walilinganishwa na huduma gani, na huduma hiyo inafanana na ya hospitali yako? Na tofauti za makundi madogo ziliandikwa kabla, au ziliokotwa baada ya hesabu?

Uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2025 ulikuta kwamba takribani mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na wengi wao hawakuwa katika vyumba maalumu bali katika wodi za kawaida. Hao ndio wagonjwa wetu. Wanastahili majaribio yanayoanzia pale walipo, kwa dalili ambazo nesi wa zamu anaweza kuziona, kwa oksijeni, dripu na dawa zilizopo kwenye stoo ya hospitali. FEAST ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana, na kwamba jibu likipatikana linaweza kuitikisa dunia nzima. Lisipofanyika tena na tena, tutaendelea kuwatibu watu wetu kwa wastani wa watu wengine.